Chule kwenye Miembe ya Kizingo

Mazungumzo ya leo ni ya mwembe na ugonjwa wake mmoja, ugonjwa unaoitwa chule. Nimeuchagua kwa sababu kila mwaka, maembe yanapoanza kuiva, msumeno wa mota husikika ukilia huko Kizingo, na ukiuliza unapewa jawabu lile lile: mwembe umezeeka, maembe yanaozea mtini, bora ukatwe. Mimi nasema mingi ya miembe hiyo haijazeeka. Ina ukungu. Ukungu huo una dawa, ila dawa yenyewe haifai kitu wakati watu wanapoitafuta, yaani embe likishakuwa jeusi. Inafaa miezi mitatu au minne kabla ya hapo, mti unapopendeza na hakuna aliye na shaka nao.

Kizingo mnaijua. Ni ule upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa unaotazama mlango wa bahari, zinakopita meli kuingia Kilindini. Ndiko kwenye Barabara ya Mama Ngina na mibuyu yake minene, mnara wa taa, na uwanja wa gofu. Nyumba za zamani za mtaa ule zilijengwa kwa nafasi: baraza pana, ua mbele na ua nyuma, na ndani ya ua mwarobaini, mkungu, mpera, na mwembe mmoja au miwili iliyolipita paa. Jioni watu hujaa pale Lighthouse kula mihogo na kunywa madafu, na hapakosi sinia ya maembe mabichi yaliyochanjwa yakatiwa chumvi na pilipili. Sasa ghorofa zimepanda, viwanja vimebanana, na kila ukuta unaoongezwa huunyima mwembe upepo kidogo. Hilo la upepo liwekeni akilini, tutalirudia.

Chule huletwa na ukungu ambao wataalamu huuita Colletotrichum gloeosporioides. Ni jamaa wa karibu wa ule ukungu wa chule buni, uliogunduliwa kwenye kahawa ya Kenya mwaka 1922 na ambao wakulima wa bara wanapambana nao mpaka leo. Hauna nguvu kwenye jua na upepo mkavu. Unachotaka ni maji yakae juu ya jani au juu ya ua kwa saa nyingi bila kukauka, tuseme usiku mzima, pamoja na joto la nyuzi 25 hadi 28. Haya, itazameni Mombasa. Joto letu kwa wastani ni nyuzi 26 hivi. Mvua ya mwaka mzima hufika milimita 1,000 na kupita, na Mei ndio mwezi wake mkubwa. Hata siku isiyo na mvua, alfajiri utaikuta bati ya gari imelowa umande, na majani ya mwembe vivyo hivyo. Huko ng'ambo baridi kali huusimamisha ukungu miezi kadhaa. Kwetu hausimami.

Makao yake ni vijiti vilivyokaukia juu mtini, majani makuukuu yenye madoa, mashada ya maua ya mwaka jana yaliyonyauka yakabaki yananing'inia, na vile viembe vidogo vilivyokauka vikawa vigumu bila kuanguka. Mvua ikinyesha, matone hugonga pale penye ugonjwa na kurusha mbegu za ukungu, ndogo hata jicho halizioni, zikaangukia majani mapya, maua na maembe yaliyo chini. Kwa hiyo adui mkubwa wa mwembe wako amekaa juu ya mwembe wenyewe. Upepo wenye mvua unaweza kuzivusha ukuta hadi kwa jirani, ndiyo, lakini zilizo nyingi huanguka pale pale zilipotoka. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo wanaosema hawana haja ya kusafisha mti wao maadamu wa jirani ni mchafu. Mtu akisafisha wake ataona faida, jirani asafishe asisafishe.

Mwembe wa pwani huchanua zaidi kuanzia mwezi wa Julai, kusi ikiwa inavuma na manyunyu yake, na msimu mkubwa wa maembe ni kati ya Novemba na Februari au Machi. Ukungu ukilikuta shada la maua limelowa, maua hugeuka meusi na kupukutika, likabaki shada tupu. Hapo wenye mti husema mwaka huu mwembe haukuzaa. Ulizaa, maua yakaunguzwa. Kisha hufika mvua za vuli, Oktoba na Novemba, na kuyakuta maembe machanga. Viembe vingine huanguka vikiwa kama kidole. Hapa nitahadharishe: mwembe mzima kabisa nao hupukutisha sehemu kubwa ya maua na viembe vyake, kwa kuwa hauwezi kuvilea vyote. Msishtuke kwa kila kiembe kilichoanguka. Kiokoteni mkitazame. Kikiwa na madoa meusi yaliyobonyea, hapo pana la kufanya.

Sasa lile linalowachanganya watu wengi. Maembe yaliyobaki hukua vizuri, ngozi kijani, safi, yanang'aa. Mtu anayachuma, anayapanga ndani ya kikapu, anayafunika gunia yaive. Siku ya nne au ya tano akifunua anakuta madoa meusi yametapakaa, mengine yameungana yakashika nusu ya embe, na mara nyingine michirizi myeusi imeshuka kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Basi husema ni joto la gunia, au ni aliyeyachuma kayaangusha. Kumbe ukungu uliingia zamani, embe likiwa changa. Ulipopenya ngozi ya juu ukakwama, kwa sababu ngozi ya embe bichi na utomvu wake vina kemikali za kuuzuia, mojawapo ni zile za jamii ya risosinoli. Ukatulia pale, hai, bila kuonekana. Embe linapoiva kemikali zile hupungua, na ukungu ukaendelea na safari. Embe lililofika sokoni Kongowea au Marikiti likiwa halina hata doa moja linaweza kuwa lilishashikwa miezi miwili nyuma.

Na hapa ndipo ninapowavulia kofia bibi zetu wa Mji wa Kale. Embe wanalolitia kwenye achari ni bichi, na embe bichi chule haijapata nafasi ya kulila. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alikaribishwa Mogadishu, na katika chakula alichoandaliwa anayataja maembe: mabichi ni machachu, nayo hutiwa siki na kuwekwa kuwa achari, na yakiiva huwa matamu. Alipofika Mombasa akataja ndizi, ndimu na zambarau. Karibu miaka 700 watu wa pwani wanalila embe kwa namna mbili, na ile namna ya embe bichi inafaa sana kwa mti wenye chule. Kama una mwembe ulioshikwa sana mwaka huu, usingoje maembe yote yaive ili uyaone yakioza. Chuma yaliyo mengi yangali mabichi na magumu, ufanye achari, ukaushe, upikie mchuzi wa samaki, uwagawie majirani. Machache yaache yaivie ndani.

Kabla sijafika kwenye dawa, lazima tukubaliane kuwa tunatibu kitu kimoja. Kizingo watu huwalaumu kunguru na popo. Hao kunguru, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wakaenea pwani yote, hudonoa maembe kweli, na popo huyala usiku, lakini mdono ni mdono, una tundu na nyama imeliwa. Wapo wanaolaumu jicho la hasidi. Sitawabishia watu imani zao, ila nawaomba wapande ngazi pia. Ukilikata embe ukakuta funza ndani, huyo ni nzi wa matunda. Yule nzi mbaya zaidi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na kwa ajili ya nzi hawa nchi ilijizuia mwaka 2014 kupeleka maembe Ulaya. Dawa ya ukungu haimuui nzi, hata ukiimwaga debe zima. Ukiona majani yamefunikwa weusi ambao ukiupitisha kidole unatoka, hayo ni masizi yanayoota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu wa kunyonya, na utaona chungu wakipanda na kushuka. Hapo shughulikia wadudu. Na ukiona maua yamekuwa meupe kama yaliyonyunyiziwa unga wa ngano, huo ni ubwiri unga, ukungu wa jamii nyingine. Chule ni doa jeusi ambalo halifutiki, lililobonyea kidogo kwenye tunda, na kwenye unyevunyevu mwingi pale katikati ya doa hutokea ute wa rangi ya waridi au machungwa. Ule ute ni mbegu za ukungu kwa mamilioni.

Upo pia ugonjwa uitwao upele wa embe, ambao hufanya mabaka ya kijivu yaliyokauka na kupasuka juu ya ngozi. Hushika maembe yakiwa madogo tu. Likishafika nusu ya ukubwa wake, embe haliushiki tena. Nautaja kwa sababu ya wale mnaonunua mapeasi, ambayo mengi hapa Mombasa hutoka Afrika Kusini, mkaona moja lina kovu jeusi gumu na umbo limepinda upande. Huo ni upele wa mpeasi, unaoletwa na ukungu uitwao Venturia pirina, ndugu wa ule wa upele wa matofaa. Mpeasi ni mti wa baridi. Hapa Afrika Mashariki utaupata nyanda za juu, Limuru, au Lushoto kule Usambara. Kizingo hauwezi kuzaa. Lakini wakulima wake wana mazoea mamoja ninayoyapenda. Kwa kuwa ukungu wao hukaa ndani ya majani yaliyoanguka na kwenye vijiti vyenye vidonda, hawangoji maua. Wanafagia majani yote, wanayachoma au wanayafukia, wanakata vijiti vibovu, na wanapogoa mti hadi katikati pakawa wazi. Wakifika kwenye pampu ya dawa, kazi kubwa imeshafanyika. Sisi tunaanza na pampu.

Basi tuanze na msumeno. Wakati wake ni mara tu baada ya mavuno, Februari au Machi, kungali kukavu, kabla mvua za mwaka hazijashika. Kata kwanza vyote vilivyokufa, vijiti, mashada makavu, viembe vilivyokauka mtini. Halafu tazama ndani ya mti mchana saa sita. Ukiwa umesimama chini ya mwembe na huoni hata kipande cha mbingu, mti huo umejifunga. Umande wa alfajiri utakaa humo mpaka saa nne, saa tano, na hizo ndizo saa ukungu unazozihitaji. Toa matawi yanayopandana na yanayokua kuelekea ndani mpaka mwanga ufike kwenye shina. Inua yale yanayokaribia ardhi. Mwembe mkubwa usiushushe wote kwa mwaka mmoja, utaushtua, na ngozi ya shina iliyozoea kivuli itaungua kwa jua. Fanya kwa miaka miwili au mitatu, sehemu kwa sehemu, na umtumie mtu anayejua kukata tawi karibu na shina bila kulipasua. Panga halifai kazi hii. Linachana, na penye mchano maji hukaa.

Chini ya mti fagia. Majani, viembe vilivyoanguka, maganda, kokwa, vyote vitoke. Vingine ni mboji nzuri, lakini fukia kwenye shimo, usivirundike pale pale chini ya mwembe. Najua ua wa Kizingo una mfagizi na hufagiwa kila asubuhi. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba taka zile husogezwa hadi kwenye shina la mwembe zikaachwa hapo ziwe samadi. Haitoshi. Ziondoke.

Na upepo. Kama unajenga ukuta upande unaotokea kusi, au banda la gari, au unaweka tangi la maji, fikiria mwembe wako unapumua wapi. Ukuta wenye matundu, wa matofali yaliyoachiwa nafasi kama tuliyozoea kuyaona kwenye nyumba za zamani, huzuia macho ya mpita njia na huuachia upepo. Nawasihi wachoraji wa majengo mnaonisikiliza mlipe nafasi jambo hili. Ghorofa ikishasimama mita mbili kutoka kwenye mwembe, hakuna dawa ya kopo itakayorudisha upepo uliozibwa.

Sasa dawa. Ya zamani kuliko zote na bado nzuri ni ya shaba, ambayo kwenye maduka ya pembejeo huitwa kopa. Historia yake inafurahisha. Huko Ufaransa, jimbo la Médoc karibu na Bordeaux, wenye mizabibu iliyo kandokando ya barabara walikuwa wakiipaka mrututu na chokaa ili wapita njia wakiona ule ubuluu waogope kuiba zabibu. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet akaona kwamba mizabibu ile ya barabarani ina majani yake, na ya ndani imepukutishwa na ukungu. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akautangazia ulimwengu mchanganyiko wa mrututu, chokaa na maji. Kipimo kinachotumika sana ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa na lita 100 za maji, katika pipa la plastiki, kwa kuwa mrututu hula chuma, na hutumiwa siku hiyo hiyo. Lakini mrututu ni sumu na huunguza macho. Kwa ua wa nyumba nashauri paketi ya dawa ya shaba iliyotengenezwa tayari, iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali ya dawa za mimea na wadudu, na yenye maandishi ya kipimo unayoweza kuyasoma.

Shaba haimfukuzi adui aliyekwisha kuingia. Inakaa juu ya jani na ua, mbegu ya ukungu ikitua pale na kutaka kuota, inakufa. Ni kama deheni kwenye jahazi: hupakwa chombo kikiwa kimepandishwa mchangani na mbao zimekauka, na hakuna fundi anayekipaka kikiwa kinavuja katikati ya bahari. Kwa hiyo unapulizia shada linapochomoza, kabla maua hayajafunguka, na kurudia kila baada ya wiki mbili au tatu, kufuata maandishi ya paketi, hadi maembe yashike na kukua kidogo. Mvua kubwa ikiiosha, rudia majani yakikauka. Pulizia alasiri, jua limepoa, nyuki na nzi wachavushaji wameshaondoka kwenye maua, na upepo umetulia. Kisha hesabu zile siku za kungoja kabla ya kuchuma, zilizoandikwa pale pale kwenye paketi.

Ipo dawa nyingine inayouzwa sana, mankozebu, na mtaambiwa ni nzuri kwa chule. Kwa ukungu ni kali kweli. Lakini Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoendelea kuiruhusu mashambani mwake, kwa hofu ya madhara yake katika uzazi na homoni za binadamu. Mimi singeipulizia kwenye ua wanamocheza watoto, na sioni kwa nini mtu wa Kizingo aipulizie hali anayo shaba, msumeno na fagio.

Nina neno zito hapa. Wapo vijana wanaopita mtaani na pampu ya mgongoni na dumu la dawa lisilo na jina, wakibisha geti kwa geti: tukupigie mwembe? Mwembe wa mita kumi na tano hauwezi kufikiwa na pampu ya mgongoni. Kijana hupanda kwenye tawi, hana miwani, hana glavu, na dawa anayoirusha juu humrudia usoni. Iliyobaki huangukia tangi la maji, nguo za jirani zilizoanikwa, kisima cha uani, na mbuzi wa Idi aliyefungwa chini. Mwembe uliopita uwezo wa pampu haupaswi kupuliziwa. Upogoe, ufagie, uchume mapema, na ukubali kwamba sehemu ya juu ni ya popo. Ukishaushusha kidogo kidogo kwa miaka miwili mitatu, hapo ndipo ufikirie dawa, ukiwa umesimama chini au kwenye ngazi fupi. Na dumu lisilo na jina mlirudishe getini lilikotoka, hata kama bei ni nafuu, kwa sababu hamjui mmewapa nini watoto wenu.

Kuhusu ubwiri unga sitakaa sana, maana Mombasa unatusumbua kidogo kuliko Machakos na Makueni, kwenye usiku wa baridi na mchana mkavu. Dawa yake ni salfa. Ndugu zetu wa Mtwara wanaijua vyema. Mazao ya korosho ya Tanzania yalikuwa yamefika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka hadi tani 17,000 hivi kufikia msimu wa 1986/87, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa ubwiri unga kwenye mikorosho. Watafiti wa kituo cha Naliendele walihangaika nao miaka mingi, na unga wa salfa ndio ulioiokoa mikorosho mingi. Kilichowaumiza watu wale ni kwamba mti ulikuwa mzima, majani mazito, na maua tu ndiyo yaliyokuwa yakiteketea.

Mtu atauliza, je, nipande mwembe usioshika chule? Usioshika kabisa hakuna. Ipo inayostahimili zaidi. Tommy Atkins, ambao ulitokea Florida, hustahimili, na ndiyo sababu umesambaa duniani, ingawa kwa utamu sijui Mpwani gani atauweka mbele ya boribo. Haden, nao wa Florida, ni dhaifu. Embe Apple tunalolipenda sana, lile la mviringo, ni dhaifu mbele ya chule na ubwiri unga, na ukilipanda mahali palipobanwa na kuta unajitafutia kazi. Wenzetu wa kahawa walipata aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, iliyozalishwa makusudi istahimili chule buni, baada ya utafiti wa miaka. Ngowe, dodo, boribo na batawi zetu zinastahili utafiti wa namna hiyo hiyo, na nasema waziwazi kwamba hazijapewa. Tunda la kahawa lina bei ya dola. Embe la ngowe lina wapenzi wengi wasio na sauti bungeni. Ukipanda mwembe mpya leo, chukua mche wa kupandikizwa kutoka kitalu kinachoaminika, ukague majani yake pande zote mbili, wenye madoa meusi uukatae, na uupe nafasi ya mita nane au zaidi kutoka kwenye ukuta.

Kwa kina mama na kina kaka wa sokoni, liko jambo mnaloweza kulifanya hata embe likishachumwa. Maji ya moto. Embe bichi lililokomaa, likitumbukizwa siku ile ile ya kuchumwa kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 5 hivi, likatolewa na kukaushwa kivulini, ukungu uliojificha chini ya ngozi hufa au hupungua nguvu, na embe huiva safi. Lazima muwe na kipimajoto. Kukisia kwa mkono hakufai. Yakizidi moto ngozi huungua na embe haliivi, yakipungua mmeyaosha tu. Kikundi cha wauzaji kumi kinaweza kununua kipimajoto kimoja na sufuria moja kubwa, wakashirikiana zamu. Maembe mengi yanayotupwa Kongowea ifikapo Januari yangeweza kuuzwa.

Sasa kwa wale ambao msumeno wa mota umeshaitwa na fundi anakuja Jumamosi. Kabla hamjaukata, fanyeni hivi. Kateni kijiti kimoja chenye majani mabichi na makavu, shada moja la maua au lililobaki la maua, na maembe mawili, moja bichi na moja lenye doa. Vifungeni kwenye gazeti kavu, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa ndani ya plastiki vitatoa jasho na kuota ukungu mwingine wa njiani, na mtaalamu atasoma asilotafuta. Andikeni juu ya gazeti siku mliyokata na kama mvua ilikuwa imenyesha. Vipelekeni kwa afisa wa kilimo wa kaunti, au vukeni Nyali mpaka kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, ambacho miembe, minazi na mikorosho ya pwani ndiyo kazi yake. Mkiambiwa ni chule, mnayo ratiba: msumeno mdogo mwezi wa Machi, fagio kila wiki, shaba mwezi wa Julai shada linapochomoza. Mkiambiwa shina limeoza ndani na mti unaweza kuangukia nyumba, hapo mwiteni fundi na msumeno wake.